Feni ya Abel

Watu wa Sumbawanga mjini tuna kasoro moja: tunaamini dunia nzima ina baridi. Mtu anavaa sweta Julai, anafunga madirisha, anakunywa chai mara tatu kabla ya saa nne, kisha akitengeneza kitu cha kupeleka bondeni kwenye joto anakitengeneza kana kwamba na huko wanatetemeka. Felisian alifanya kosa hilo, na yeye amezaliwa huko huko bondeni, Kaoze. Hana hata pa kujitetea.

Alikuwa anamtengenezea baba yake kompyuta. Mzee Isdori alikuwa katekista wa kigango kwa miaka thelathini na moja, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa orodha ya marehemu, ile inayosomwa kanisani kila tarehe mbili Novemba. Kila aliyezikwa kigangoni pale tangu aanze kazi, jina lake lilikuwa kwenye madaftari yake. Mwaka jana mchwa wakayala madaftari, wakabakiza majalada. Majina yakabaki kichwani mwa mzee peke yake, na kichwa chenyewe, kwa maneno yake, kilikuwa kimeanza kuvuja.

Abel, mdogo wake Felisian aliyeishi na baba, ndiye aliyeanza kuyaokoa. Alikuwa na kompyuta kubwa ya zamani, mlafi wa umeme, iliyomaliza betri ya sola kwa saa moja. Basi kila jioni, kwa saa hiyo moja, baba alitaja na Abel akachapa. Mwezi wa tatu Abel akafa kwa homa ya siku nne. Wiki hiyo hiyo kompyuta nayo ikaungua.

Felisian hakulia. Alichimba kaburi pamoja na wengine, akagawa chai, akapokea pole za watu, akarudi mjini kufungua kibanda chake cha ufundi. Watu wakamsifu: mwanamume huyo, kajikaza. Hakuwa amejikaza. Alijipapasa moyoni akakuta ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, akaendelea na kazi.

Na kazi aliijua. Alipata ubao wa kompyuta ndogo iliyotupwa na ofisi moja, wa kula wati kumi na mbili tu. Akautafutia kioo cha laptop iliyovunjika bawaba, akaweka herufi kubwa kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Kibodi haikumsumbua. Mzee Isdori alisoma seminari miaka miwili akatoka na vitu viwili, Kilatini cha kuombea na kuchapa bila kutazama vidole. Kutoka kwenye mashine ya Abel alichukua diski, yenye majina mia mbili na kitu. Fundi seremala akampigia sanduku la mbao lenye matundu machache, vumbi lisiingie.

Feni ndogo iliyokuwa ikipoza mashine ya Abel nayo aliichomoa akaijaribu. Bawa lake moja lilikuwa limepinda, ikawa inagonga: tik, tik, tik. Ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia kwenye simu kila alipompigia Abel jioni. Aliichomoa waya haraka.

"Itakula wati mbili bure," alijiambia, akaitupia kwenye droo. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno, lakini wahenga hawakuwahi kuifungua mashine ya ndugu yao aliyekufa.

Mashine ikawashwa siku tatu mfululizo pale kibandani, baridi ya Julai ikipuliza chini ya mlango. Haikushtuka hata mara moja. Akaituma Kaoze, akahesabu kwamba amemaliza.

Zikiwa zimebaki siku nane kufika Novemba, baba alipiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mashine inazima."

"Inazima saa ngapi?"

"Jua likishapanda. Nikifika jina la kumi au la kumi na tano, pa, giza. Na mimi nikikatizwa napotea, inabidi nianze mwaka ule upya. Jana nimemsahau Shija. Shija ambaye nimemzika mimi mwenyewe!"

"Si uchape alfajiri, baba?"

"Betri imezeeka kama mimi, haifikishi asubuhi. Nangoja jua. Na jua likija, inazima."

"Umebakiza mingapi?"

"Miaka minne. Naenda mwaka kwa mwaka, sitaki kuruka mtu. Abel ndiye wa mwisho. Nitamsomaje kanisani kama sijamfikia?"

Felisian alikata simu akafungua droo.

Kesho yake alishuka na feni mfukoni. Basi lilipofika Ilemba, chini ya mteremko, alikuwa ameshavua sweta. Alipofika nyumbani Kaoze alisalimia, akaweka kiganja juu ya sanduku, akakiondoa haraka: mbao zilikuwa za moto kama mfuniko wa sufuria. Hakuhitaji kipimo. Alifungua skurubu, akapanua tundu kwa kisu, akafunga feni, akaunganisha nyaya mbili.

Tik, tik, tik.

Mzee Isdori, aliyekuwa amekaa kitini, aliinua uso.

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukuiweka?"

Felisian alitaka kusema habari za wati mbili. "Sikustahimili kuisikia, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Hakugomba. "Na mimi nilikuwa nachapa kwenye ukimya," alisema. "Majina yakinipotea, nikadhani ni uzee."

Akavuta kibodi. Siku hiyo alichapa tangu saa tano hadi jua kuzama, na mashine haikuzima. Shija alirudi, na jina la baba yake. Siku ya pili, mchana, vidole vya mzee vikasimama.

"Tumefika mwaka huu," alisema. "Huyu mmoja chapa wewe."

Wakabadilishana viti. Felisian alichapa A. Akachapa B, akachapa E. Kisha akaduwaa. Fundi wa miaka kumi na moja kazini, aliyesafisha kibodi zisizo na idadi, alizitazama herufi zote na ile moja hakuiona. Zilikuwa zimeanza kuogelea.

"Kulia," alisema baba yake, mwenye macho ya ukungu. "Kidole cha pete."

Felisian akaibonyeza, na kilio kikamtoka hapo hapo, juu ya kibodi, feni ikigonga.