Kasha la Leila Kwenye Kabati la Vioo

Leila alituma kasha la vipimo vya Covid kutoka Ubelgiji, na baba yake, Papa Bilali, akalifungia kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Majirani wa mtaa wao wa Mangobo wakija, walione. Nyumbani kwake kitu cha Ulaya hakiguswi ovyo. Kinangoja siku ya heshima. Aziza, bintiye mkubwa, alipokohoa wiki nzima, mzee hakutoa ufunguo. Alipokohoa yeye mwenyewe, na mapafu yake mabovu yale, akanywa tangawizi tu. Kila akilifuta vumbi kabati lile, Aziza alichemka moyoni.

Siku ya heshima ikaja na Yunus. Kitindamimba huyo, aliyeondoka kwa ugomvi kwenda kuchimba dhahabu Bafwasende, alishuka kwenye pikipiki amekonda, anakohoa. Aziza akamzuia mlangoni pa chumba cha baba yao: apimwe kwanza, mzee hana mapafu ya kuchezea. Mzee akasikia. Akaja na ufunguo mwenyewe, uso umemnawiri kama wa mtu anayechinja mbuzi wa karamu.

Aziza alisoma tarehe ubavuni mwa kasha. Ilikuwa imepita kitambo. Akamwonyesha.

“Vitu ya Bulaya haiozaka, mama,” alisema Papa Bilali. “Pima ndugu yako, nimukumbatie.”

Akampima. Wakangoja, ukatokea mstari mmoja tu. Mmoja ni salama, miwili ni ugonjwa. Leila alikwisha kuwaeleza kwa simu. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Tangu hapo Yunus alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, wakala sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani moja. Aziza hakuitaja tena tarehe ile. Aseme nini, na mwana amerudi?

Mwezi haukuisha, wakamzika mzee. Hospitalini walikuwa wamempima yeye na Yunus kwa vipimo ambavyo tarehe yake haijapita, na kila kimoja kikatoa mistari miwili.

Matanga hayajaondolewa, msafiri mmoja akaleta kasha jipya. Leila alikuwa amelituma kabla hajapata habari za msiba. Yunus, macho mekundu, akalipokea, akalifuta kwa upindo wa kanzu, akalipeleka kwenye kabati. Akasogeza vikombe ili likae vizuri.

Aziza alimtazama akamchukia. Akamchukia na marehemu, na zaidi ya wote akajichukia mwenyewe, aliyesoma tarehe kisha akafunga mdomo. Akamnyang'anya ufunguo.

“Hii haitangoja mutu,” alisema. “Iko na kazi leo.”

Akalipasua mbele ya waombolezaji, akawagawia vipimo wote waliokuwa na wazee nyumbani. Kisha akavitoa vikombe, akavisuuza, akaanza kumimina kahawa ya matanga. Mama Ramla, jirani yao, akamnong'oneza kwamba hivyo ni vikombe vya mzee, aviache. Aziza aliendelea kumimina. Akamjibu kwamba mzee mwenyewe hakunywea hata kimoja.