Sungura Halalamiki

Daktari wa wanyama alikuwa na tabia iliyowachekesha wateja wake: hakumgusa mgonjwa kwanza. Mtu akija na sungura kwenye kikapu au kasuku kizimbani, alimpeleka mnyama chumba kidogo cha nyuma, akamwacha peke yake, akafunga mlango, kisha akainama na kuchungulia kwenye kitundu alichokitoboa mwenyewe kwa keekee. Angeweza kuinama hapo mpaka mwenye mnyama aanze kupiga miayo. Mtaani walimbatiza Mama Chungulia, naye jina alilipokea bila kinyongo.

Wateja wapya aliwaeleza taratibu. Mnyama anayewindwa amejifunza kuficha maumivu tangu enzi za mababu zake, kwa sababu anayechechemea ndiye anayefukuzwa kwanza. Mbwa akichomwa na mwiba atalia mtaa mzima usikie, maana amezoea kuishi na wa kumhurumia. Kasuku mgonjwa hujikaza na kubana manyoya akiona jicho la mtu. Akiachwa peke yake ndipo hujitutumua na kusinzia. Lakini bingwa wao ni sungura. Atatafuna jani mbele yako huku tumbo linamuua. Kilio chake ni kimoja tu, na hukitoa akiwa tayari yumo mdomoni mwa anayemla.

"Ukimsikia sungura wako analia," aliwaambia, "ujue mimi na wewe tumechelewa."

Nyumbani aliishi na baba yake, fundi cherehani. Mama alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na mzee akawalea yeye na kaka zake kwa sindano na uzi. Kaka walishahamia mbali, kila mmoja na familia yake. Mzee alikuwa mtu wa utani, na mtanashati kupita kiasi. Hata kwenda kununua chumvi alivaa shati lililopigwa pasi na suruali iliyomkaa sawasawa. Ukimuuliza hali, jibu lilikuwa lilelile: buheri wa afya, wewe je, umekula? Na binti, aliyesifiwa mji mzima kwa jicho lake kali, alimtazama kila asubuhi mezani akamwona ni yuleyule.

Siku moja mbuzi wa mteja alilila pazia la kile chumba kidogo, akalibakiza nusu. Mzee alicheka sana aliposikia, akaja mwenyewe kupima dirisha ili ashone jingine. Ndani kulikuwa na mgonjwa, sungura mweupe wa mwalimu mmoja, kwa hiyo binti akamwomba baba yake apime polepole asije akamshtua. Baadaye kidogo akainama kwenye kitundu kumwangalia sungura.

Sungura alikuwa anatafuna. Aliyejikunyata alikuwa baba yake. Aliegemea ukuta, mkono mmoja umeshika ubavu, ile futi ya kupimia ameing'ata kwa meno sauti isimtoke. Uso ulikuwa wa mtu ambaye binti hakuwahi kumwona. Kisha maumivu yakapita. Mzee akajifuta jasho, akajizungushia futi kiunoni, akasoma, akatikisa kichwa. Akachomoa pini kwenye ukosi wa shati na kuibana suruali yake pembeni, kama anavyoibana ya mteja.

Binti akaelewa. Mzee alikuwa anakonda, na kila alipokonda alizipunguza nguo zake. Suruali haikuning'inia, shati halikupwaya, na mabegani alikuwa ametia kitambaa cha ndani kujaza pengo. Kinyonga hubadili rangi. Baba yake alibadili mishono. Naye, Mama Chungulia mzima, alikuwa akiangalia nguo.

Alimpeleka hospitalini, na daktari wa huko akaitazama picha ya ini la mzee, kisha akamtazama binti kama binti mwenyewe anavyowatazama wenye sungura. Wangekuja mapema, alisema, madaktari wangejaribu kupasua. Sasa zilibaki dawa za kutuliza tu.

Walipofika nyumbani hasira ilimshinda.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Mzee akamsimulia. Mwaka ule mama yao alipofariki, yeye naye alishikwa na homa akalala. Alipofumbua macho aliwakuta watoto wote wamesimama mlangoni wakimwangalia. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanangoja waone kama naye anakwenda. Akaamka, akaketi kwenye cherehani, akashona huku anatetemeka. Tangu siku hiyo hakuumwa tena mbele ya mtu.

"Lakini sasa tumekua, baba. Huna wa kumficha."

"Najua, mama. Mwili ndio haujui."

Binti alimbembeleza sana wiki zilizofuata. Alimwambia agune, apige kelele, amwite usiku au mchana, wala asione haya. Mzee alijibu kwamba leo ana nafuu, akauliza kama amekula. Aliposhindwa kushika sindano, aliomba binti ampunguzie suruali, ingawa alikuwa hatoki tena kitandani. Binti hakubisha. Mshono ulikwenda upogo, na mzee akasema afadhali yule mbuzi angeshona yeye. Walicheka wote, halafu binti akaenda jikoni kulia.

Asubuhi moja alikuwa anachemsha maji akasikia anaitwa. Alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee alimshika mkono, na safari hii hakujaribu kutabasamu.

"Inaniuma, mwanangu," alisema. "Inaniuma sana."

Neno alilokuwa akimwomba siku zote ndilo hilo, na alipolisikia alitamani lirudi lilikotoka. Alipanda kitandani akamkumbatia, akalia kwa sauti, kwa ajili yao wote wawili. Kisha akawapigia simu kaka zake, akawaambia waje leo.