Mdomo wa Modesti

Gunia la juu lilianza kuteleza, na Modesti ndiye aliyeliona kwanza. Chini yake rafiki yake Leonardi alikuwa ameinama, akizoa mahindi yaliyomwagika.

"Le... Le... Le..."

Makuli wenzake wakaangua kicheko kama walivyozoea. Mmoja akamwigiza. Modesti akaliacha jina, akakimbia. Hakuwahi. Rundo zima liliporomoka, na walipomaliza kuondoa magunia Leonardi hakuwa akipumua.

Ghala hilo la Sumbawanga lilikuwa la serikali mpaka kampuni ya watu binafsi ilipolinunua. Meneja mpya akaagiza magunia yapande hadi karibu na paa. Leonardi alilalamika. Akajibiwa kwamba wanaotaka kazi wamejaa nje ya geti.

Askari alipofika, meneja alimkaribisha chai ofisini. Kisha Modesti akaitwa.

"Eleza ulichoona."

"Ma... ma... magu..." Macho yakamtoka. Akapiga mguu sakafuni, labda neno litasukumika.

"Afande, utakesha hapa," meneja alisema kwa upole. "Huyu aliona, akashindwa kuonya. Nilimwonea huruma nikambakiza kazini na kigugumizi chake. Kosa langu ni hilo tu."

Modesti akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Unakataa?" askari akauliza. "Basi sema."

"Si... si... si..."

"Haya. Inatosha."

Nje, mwili wa Leonardi ulikuwa umeshapakiwa kwenye pikapu ya kampuni, umeviringishwa blanketi. Coleta, mkewe, alisimama kando, khanga imemlegea kiunoni.

"Shemeji, wanasema ulimwona ukanyamaza."

"Si... sikunya..."

"Sema taratibu. Nakusikiliza."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo pale ghalani. Modesti akavuta pumzi.

"Me... me... me..."

Dereva akapiga honi. Kaengesa, kwao Leonardi alikopelekwa kuzikwa, si karibu, na gari lilitakiwa lirudi kubeba mahindi. Wanawake wakamshika Coleta mikono, wakampandisha. Alikuwa bado anamtazama Modesti mdomoni gari lilipoondoka.

Modesti akalikimbilia mpaka getini, akalikimbilia barabarani. Lilipokwisha kupinda kona, neno likamtoka zima, kwa sauti iliyogeuza watu vichwa:

"Meneja!"

"Yumo ndani na afande," mlinzi wa geti akamjibu, akivuta mnyororo. "Na ameagiza usiingie tena."