Pomboo wa Maji ya Tope

Mwaka mzima mtafiti yule aliwatafuta pomboo mahali pazuri: kwenye maji ya samawati, juu ya matumbawe, ambako hata picha hutoka vizuri. Kila mara alirudi mikono mitupu, uso umeungua jua. Wenzake ofisini walishaanza kumtania kwamba anachora ramani ya majini wasioonekana.

Asubuhi moja aliamua kujaribu mlango wa mto, ubavuni mwa bandari, ambako maji yana rangi ya chai ya maziwa. Baba yake akaomba kwenda naye. Mzee huyo alikuwa amestaafu. Maisha yake ya kazi yote yalipita juu ya kreni ya bandari hiyo hiyo, na kelele za mitambo zilikuwa zimemla masikio yote mawili.

"Baba, huko hakuna cha kuona," binti alimwambia, akimgeukia vizuri ili amsome midomo.

"Na nyumbani kuna nini? Mama yako ananitazama kama kiti kilichokosa mahali pa kuwekwa."

Nahodha wa boti, mwanamke asiyeishiwa maneno, alizima injini karibu na gati. Mtafiti akateremsha kinasa sauti majini kwa waya, akawasha spika. Mwanzoni ilisikika mikwaruzo ya minyororo tu. Kisha tik, tik, tik, zikafuatana mbio mpaka zikawa mlio mmoja mrefu, kama mlango wenye bawaba kavu.

"Mama yangu! Nini hicho?" nahodha alinong'ona.

"Ni wao. Humu macho hayafui dafu, kwa hiyo wanatoa sauti na kusikiliza inavyowarudia. Sasa hivi wanatupima sisi."

Mzee aliona nyuso zao zimebadilika. "Kuna nini? Niambieni basi!"

Binti alimsogelea. Akaushika mkono wa baba yake, akaulaza juu ya spika. Mzee akatulia tuli. Zile tik zilikuwa zikimgonga kiganjani, nyepesi, za haraka, na macho yake yakaanza kulowa.

"Wanaongea," alisema.

Hapo maji yakapasuka. Mgongo wa kijivu, kisha mwingine, kisha mtoto mdogo aliyejibana ubavuni mwa mama yake. Waliwasukuma samaki mpaka kwenye ukuta wa gati, pale maji ya mto yanapokutana na ya chumvi na samaki hujazana. Mtafiti alishika kinywa. Kumbe maji aliyoyakwepa mwaka mzima ndiyo nyumba yao, ndiyo jiko lao, na huenda ndimo wanamolelea watoto.

Mzee aliinua uso kuitazama kreni iliyosimama juu yao. "Kiti changu kilikuwa pale. Nimekaa juu ya vichwa vyao miaka yote ile."

"Na hukuwaona hata siku moja?" binti aliuliza, akimgusa bega ageuke.

"Nilikuwa natazama makontena, mwanangu." Akacheka, akafuta macho kwa mkono mmoja. Ule mwingine hakuubandua.

Mama pomboo alipita chini ya boti taratibu, ubavu umeinama, jicho moja likiwatazama. Nahodha aliinama ukingoni mwa boti, akamfuata kwa macho.

Walipotaka kuondoka, hakuna aliyethubutu kugusa injini. Nahodha akatafuta kasia chini ya maboya, akaanza kupiga polepole, akinung'unika kwamba mabega yake si ya kazi hiyo.