Wekundu wa Kwapani

Kosa lilikuwa la Mzee Gwak peke yake. Kijijini kwao mti wa persimoni hauchumwi ukaisha. Matunda matatu manne huachwa kileleni, fungu la ndege wakati wa baridi. Yeye, mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, alichuma hadi la mwisho. Mkewe akaona haya, majirani wasije wakasema. Akachukua matunda aliyokwisha kuyamenya ayaanike, akapanda ngazi na uzi mkononi, akayafunga tena matawini. Kituko gani hicho, jamani!

Theluji ilipokatika asubuhi, ndege mmoja akatua pale. Mkewe, ambaye kwa miaka arobaini kila chenye mabawa kwake kilikuwa ndege tu, alisema huyu ana nyusi nyeupe.

Mzee Gwak akaweka kikombe chini. Wenye nyusi ni wengi, wageni wa kila mwaka. Lakini ipo aina moja ya ndege, hajapata kuonekana mkoani kwao, anayejulikana kwa wekundu wa chini ya bawa, kwapani, wala si mgongoni. Huyo ndiye Mzee Gwak aliyemngoja tangu ujana, alfajiri ngapi sijui, mabondeni kwenye barafu. Na sasa pengine amemfuata hadi uani kwake, macho yake mzee yakiwa ukungu mtupu. Ilimuuma hasa.

"Mgongo je, Mama Miran? Una wekundu?"

"Hauna. Kahawia tu."

"Basi usimwache. Ngoja ainue bawa."

Mkewe akamtania kwamba hajawahi kumkodolea mtu macho hivyo, hata yeye mumewe. Kisha akatulia. Chai ikapoa. Ndege akadonoa, tunda likayumba, akatanua mabawa asianguke.

Mama Miran akaushika mkono wa mumewe, akaukaza.   Mzee Gwak akamsogezea sikio.

"Kwapa jekundu, Baba Miran," akasema kwa sauti ndogo. "Jekundu, sijui nisemeje. Kumbe vitu kama hivi vipo?"

"Vipo."

"Na wewe hukuniambia."

Alikuwa amemwambia kila jioni kwa miaka arobaini, ila leo hakuwa na moyo wa kumkumbusha hilo. Alimwomba tu aanze upya kumsimulia ndege huyo, kuanzia mdomoni hadi mkiani, na asiruke kitu.