Nyumba Iliyokataa Karanga

Bibi alikuwa akitwanga karanga jikoni, mlango ameufunga na redio ameipandisha sauti ili mkwewe asisikie kinu. Daktari alishasema kwamba Chiriku, mjukuu wake wa darasa la pili, ana mzio wa karanga na asiguse hata chembe. Mara ya mwisho koo lilimziba, akakimbizwa hospitali. Bibi alikuwa na maoni yake.

"Anadekezwa tu huyo," alijisemea. "Ukimlisha kidogo kidogo, mwili utazoea."

Kabla hajamaliza kutwanga, ukuta wa jikoni ulitoka vipele. Vilianzia karibu na swichi ya taa, vyekundu, vinene, vikasambaa hadi sebuleni. Halafu fremu za milango zikavimba. Babu alikuwa chooni, akashindwa kutoka.

Mama yake Chiriku alimwita daktari yule yule. Daktari akavua viatu, akaichoma nguzo sindano, mlango ukalegea, na Babu akatoka akiulizia chakula. Uvimbe ulipokwisha kabisa, siku nyingine, alirudi kupima. Akadondosha matone ukutani, la maziwa, la yai, la samaki, la karanga, akalichoma kila moja kwa kisindano. Walikunywa chai wakisubiri. Tone la karanga peke yake lilifura.

"Nyumba ina mzio," daktari alisema. "Kama wa mtoto."

"Maskini!" Bibi akaupapasa ukuta. "Kumbe tulikuwa tunaitesa."

Jioni ile kinu kilitolewa nje. Bibi alisugua masufuria mpaka yakang'aa, akabadilisha miiko, na wageni akawa anawanusa mikono mlangoni. Fundi wa plasta aliposema labda nyumba inadeka tu, nusura amfukuze.

"Ukuta utadanganya ili iweje?" alimuuliza.

Mama yake Chiriku alisikia, na ilimuuma sana. Mtoto naye alikuwa amesema, tena kwa midomo iliyovimba. Lakini mama hakuanzisha ugomvi, maana siku hizi Chiriku alikula akashiba, akalala bila kujikuna.

Mwezi uliofuata familia nzima ilialikwa chakula cha mchana kwa shangazi. Bibi hakukaa kwanza. Alipita chumba hadi chumba akipapasa kuta, zote baridi, zote laini.

"Hii nzima," alisema kwa furaha. "Leo tutakula kama watu." Akampakulia mjukuu wake mboga ya karanga.

"Bibi, mimi nikila hiyo naumwa," Chiriku alisema.

"Wewe nawe! Nyumba yenyewe imetulia, wewe ndiye wa kulalamika?"

Mama yake aliivuta ile sahani, akaisogeza mbali. Kisha akatoa kwenye mkoba sindano ya dharura, akaiweka mezani, pembeni ya jagi la maji.

Bibi aliitazama, akamwomba aiondoe, isije ikachubua meza ya watu.