Vitanda Vilivyomaliza Mbio

Jumapili asubuhi Hyasinta alikaa kwenye kibaraza cha duka la mabeseni, Mtaa wa Mchikichi, akafunga kamba za raba zake za mtumba huku muuza kahawa akimwangalia. Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Kichwa kilikuwa kimejaa majina ya mishipa na dawa hadi akawa anayaota, na Moza, mwenzake wa chumbani, ndiye aliyemfukuza aende kwenye mbio ndefu, angalau siku moja asione kitabu wala wodi. Fulana ya mbio iliandikwa: Kimbia, Mama Ajifungue Salama. Kwa hiyo wodi alikuwa ameivaa kifuani.

Wodi yenyewe aliijua. Wiki hiyo alikuwa akijifunzia wodi ya wazazi, ambako Severa, muuza mihogo wa Buguruni aliyejifungua kwa upasuaji majuzi, alilazwa kitanda kimoja na Josepha, aliyejifungua mtoto wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, vichanga viwili katikati. Severa hakuweza kunyoosha mguu bila kumpiga mwenzake teke. Aliposikia habari za mbio alicheka kwa kujizuia, ameshika tumbo.

"Dokta, si mnatukimbilia sisi? Basi urudi na kitanda."

Hyasinta aliahidi, kama watu wanavyomwahidi mgonjwa, bila kujua angekitoa wapi.

Mbio zilianza vizuri. Walipita Ilala, pumzi ikakaa sawa, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze hakuwaza chochote. Walipokata kona kuingia Kariakoo, mlango wa ghala moja nyuma ya maduka ya magodoro ulifunguka, vitanda vya hospitali vikatoka na kuanza kukimbia. Vilikuwa bado na nailoni. Magurudumu yalilia kidogo mwanzoni, kisha yakazoea lami.

"Oya, shika kushoto!" msukuma mkokoteni alikifokea kimoja, nacho kikashika kushoto. Kwenye meza ya maji vilimwagiwa maji kama wakimbiaji wengine.

Kimoja kilikwenda sambamba na Hyasinta. Ndipo alipoona, kwenye chuma cha kichwani, utepe mwekundu uliokatwa kwa mkasi, chini yake utepe mwingine uliopauka, na chini ya huo mwingine tena, uliogugunwa na panya. Akakumbuka picha za mbio hizi za kila mwaka: mgeni rasmi ameweka mkono juu ya kitanda, anatabasamu. Vilikuwa vitanda vile vile. Vinakabidhiwa, vinapigwa picha, vinarudishwa ghalani kusubiri taratibu, na mwakani watu wanachangishwa upya. Hasira ilimpanda hadi akasahau kuchoka. Mitaa hiyo hiyo, kibaka wa simu hupigwa mpaka wapigaji wachoke. Mwizi wa vitanda vya wazazi huwekewa kiti cha mbele na chupa ya maji baridi.

Vitanda vyote vilimaliza. Mtangazaji aliviita washiriki maalumu, vikavishwa medali, na mgeni rasmi akavikatia utepe mpya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akapigwa picha, akaenda kunywa chai.

Kisha vitanda vikapanga foleni kupanda lori la kurudi ghalani, isipokuwa kile kimoja. Chenyewe kilimfuata Hyasinta mpaka hospitali, kimevaa medali yake. Getini, mlinzi Kasmir alikitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, mzee Kasmir. Naingiza kitanda."

"Marahaba. Kina kibali?"

"Kimeshakabidhiwa."

"Kimekabidhiwa kwenye picha, mwanangu. Mimi hapa sijakabidhiwa kitu. Nikikiachia, kazi sina."

Hyasinta alibishana mpaka sauti ikamkauka. Alisema huo ni unyama. Kasmir alikubali kwamba ni unyama, akaendelea kushika geti. Kitanda kikajiegesha nje, kwenye kivuli cha ukuta.

Kwa kuwa kitanda hakikuweza kuingia, Severa alitoka. Alishuka ngazi polepole, mkono kwenye mshono, Hyasinta akimbebea mtoto, na Kasmir akatazama pembeni. Walichana nailoni, wakatandika kanga, akapanda. Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi, kichanga kwapani, wapita njia wakimzunguka kama wanavyozunguka meza ya muuza matunda.

Lori lilikuja mchana. Vijana wa kamati ya mbio walikuwa wastaarabu. Walisubiri mpaka amalize kunyonyesha.

"Samahani, mama. Hiki kinahitajika mwakani."

Severa aliteremka. Kabla hawajakipakia alikunja kanga yake, akapukuta godoro, akalirudishia nailoni na kuisawazisha kwa viganja, kama mtu aliyelala kwa watu.

"Asanteni," aliwaambia.

Aliyetukana ni Hyasinta, kwa sauti, mpaka wauza maji wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Vijana walimsikiliza mpaka mwisho, wakafunga mlango wa lori, wakaondoka.

Wodini, Josepha alikuwa amelala chali, miguu imenyooka mpaka mwisho wa kitanda. Alipowasikia mlangoni aliikunja bila kuambiwa.